Mayai ya Mama Mkwe na Zana za Baba Waya

Mtaani tulimwita Baba Waya, maana hata mfuko wa shati lake ulichungulia waya badala ya kalamu. Kazi yake ilikuwa kuvipa akili vikompyuta vidogo. Kidogo hakina nguvu ya kujijengea mfumo wake, basi yeye aliujenga kwenye kompyuta yake kubwa, kisha akauhamishia kule. Ni kama kumshonea mtoto kaptura: cherehani ya mkubwa, vipimo vya mtoto.

Kwa hiyo mafaili yake aliyatenga sehemu mbili. “Kwangu” zilikaa zana za kompyuta kubwa. “Kwa Mkwe” zilikaa za kile kidogo kinachoendesha mashine ya kuangulia vifaranga ya mama mkwe wake.

Mkewe, fundi cherehani, alimwonya. “Mimi mkasi wa kitambaa nimeufunga uzi mwekundu. Wewe zako unazijuaje?”

“Ziko kichwani, mama watoto.”

“Kichwa hicho hicho kilichovaa viatu viwili vya kushoto?”

Siku moja kikompyuta cha mama mkwe kikafa, mayai tisini yamebakiza siku moja yaanguliwe. Mama mkwe akaja na mashine na mayai yote, mayai kayazungushia mablanketi na chupa za maji ya moto, akaketi kwenye kochi.

“Mkwe wangu, haya yakipoa, utataga mengine wewe.”

Machache akamtia mkwewe mfukoni na kwapani yapate joto. Baba Waya akajenga mfumo huku mabega kayabana kama mtu aliyenyeshewa. Ukakamilika! Akaamuru zana mpya za kikompyuta zikae mahali pake, ila akasahau kutaja mahali penyewe. Zikaenda Kwangu, zikazifuta za zamani. Kompyuta kubwa ikabaki na zana isizoweza kuzitumia. Ionyeshe mafaili, haiwezi. Inakili, haiwezi. Hata kujizima imeshindwa.

“Vipi?” mama mkwe akauliza.

“Inafikiri, mama.”

“Mayai hayana muda wa kufikiri.”

Mkewe akafungua kopo la sindano, akatoa flashi yenye uzi mwekundu. “Nakala ya zana zako. Nilikukuta umeitumia kuzuia dirisha lisigonge.”

Baba Waya nusura ampigie magoti, mayai ndiyo yaliyomzuia. Akachomoa waya wa umeme kompyuta izimike, akaiwasha upya kwa flashi ile, akarudisha zana zake, akauhamisha mfumo. Safari hii mahali alipataja mara mbili, kwa sauti. Mashine ikawaka, ikapata joto.

“Haya, lete yangu,” mama mkwe akasema.

Akayatoa ya kwapani. Alipogusa mfuko wa shati, kitu kikamdonoa kidole. Kifaranga kikatoa kichwa, kimebanwa katikati ya nyaya, kikamkazia macho.

Mama mkwe akatingisha kichwa. “Huyo mlee mwenyewe. Ameshakuona mama yake.”