Mstari Nilioupindua

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya uchapaji sikuruhusiwa kugusa hata herufi moja. Shefu, yaani mkuu wa karakana, mzee mwembamba mwenye koti la bluu lililojaa madoa ya wino, alinisimamisha mbele ya kasha, yaani sanduku pana la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake, akaniambia niangalie tu mpaka jioni. Niliangalia. Miguu iliniuma, lakini nilipolala nilijua kila herufi inakaa wapi.

Nyinyi vijana mnagusa kioo cha simu, neno likatokea. Sisi neno tuliliokota kwa vidole. Herufi zilikuwa za madini ya risasi, moja moja, nazo tulizipanga kinyumenyume ndani ya komposteri, chuma kidogo kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto. Mstari ukijaa unaushusha, unaanza mwingine. Ukurasa mmoja ulikula asubuhi nzima.

Shefu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza aliirudia kila siku. "We usisome maneno, soma herufi. Ukisoma maneno utaanza kufikiri, na ukifikiri utakosa." Ya pili ilihusu kubloka. Herufi ikikuishia, huachi pengo. Unachukua nyingine ya upana uleule, unaipindua, kichwa chini na miguu juu. Kwenye karatasi ya majaribio itaacha vistari viwili vyeusi, na kila fundi atajua kwamba hapo kuna kitu hakijafika. "Lakini mwenye kubloka ndiye mwenye kujaza," alisema. "Usiniachie mi hiyo kazi."

Nilianza na kadi za harusi na za matanga, nikapandishwa kwenye fomu za maofisi, kisha nikapewa vitabu. Baadaye zikaja mashine za ofseti, zisizohitaji herufi wala vidole, na sisi watu wa risasi tukapelekwa nyuma kukata karatasi. Shefu alistaafu kwa uchungu. Mimi nilibaki.

Vita ikaanza. Mitaa ya Bujumbura ikagawanyika, huku wa kabila hili, kule wa kabila lile, na mtu akikosea njia hakurudi kwake. Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kama tunavyoitwa Waislamu wa mjini, walikuja wa kabila hili na wa lile. Anatole, fundi wa mashine tuliyekuwa naye karakana moja, nyumba yake ya Cibitoke ilichomwa. Alikuja kwangu na mke na watoto wanne, wakakaa. Chumba cha pili walikaa watu wa upande wa pili, waliokimbia watu wa kabila la Anatole. Mke wangu aliwapikia wote sufuria moja. Hatukuona kwamba ni jambo la kusifiwa.

Vikwazo vya nchi jirani vilipofunga mipaka, vifaa vya ofseti vikakwisha. Direkta wetu, bwana wa Kibenga, mtaa wa wakubwa, mpole wa kusema na mgumu wa kusikia, akaturudisha kwenye makasha. Kazi kubwa ilikuwa kitabu cha historia kwa shule za msingi, kilichoandikwa na msomi mmoja wa Mutanga Sud, mtaa mwingine kama huo. Nilikipanga chote kwa mkono wangu. Msahihishaji hakupata kosa hata moja, akanipa mkono mbele ya wenzangu. Nilitembea kwa maringo wiki nzima. Nikikumbuka maringo yale, nataka kujipiga kofi.

Shule zilipofunguliwa, binti yangu Zuhura, wa miaka kumi na moja, alirudi nyumbani akakataa chakula.

"Papa, kwetu ni wapi?"

"Kwetu ni hapa."

"Mwalimu amesema apana. Iko mu kitabu."

Akanifungulia ukurasa. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, lakini maana yake ni hii: Waswahili wa mjini ni watu wa kupita, hawana asili katika nchi hii. Mwalimu alikuwa amewasimamisha watoto wote wa Kiislamu ili darasa liwaone watu wa kupita wanafananaje. Ndani ya mstari ule niliona herufi a yenye mkia uliokatika. Niliijua. Ilikuwa ya kasha langu.

"Kitabu hiki nimekipanga mi," nilimwambia, maana sikutaka aje asikie kwa mwingine.

"Na hukusoma?"

Nilikuwa nimesoma herufi.

Kesho yake nilikwenda kwa Direkta na kitabu mkononi. Toleo la pili lilikuwa linaandaliwa, nakala nyingi zaidi, za shule za nchi nzima. Nilimwomba mstari mmoja tu utolewe.

"Bwana Direkta, babu yangu amezikwa hapa. Baba yangu amezikwa hapa. Tunapita kwenda wapi?"

"Mwandishi ni mutu wa shule," alisema bila kuinua macho. "We uko na diploma gani? Makaburi si historia. Rudi kwa kasha yako."

Nilirudi. Kwa hasira nililivuta kasha kwa nguvu, nikamwaga herufi sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu ujana. Nilichutama, nikaziokota, na nikiwa pale chini nikakumbuka sheria ya pili.

Nilingoja karatasi ya mwisho ya majaribio isainiwe. Halafu nikaufungua ule ukurasa wa herufi uliokwisha kukazwa, nikautoa mstari ule, nikapindua herufi zake moja moja, miguu juu, nikakaza tena. Anatole akaweka wino, akachapa karatasi ya kwanza, akaisogeza dirishani.

"Huku kuna weusi."

"Najua."

"Umebloka mustari muzima?"

"Nimebloka."

Alifuta mikono kwa kitambaa taratibu. "Macho yangu siku hizi ni mabovu," akasema, akawasha mashine.

Malori yalikwishaondoka Direkta alipofungua nakala moja. Alinifukuza kazi pale uani, mbele ya wafanyakazi wote. "Umeharibu kitabu cha taifa," alisema. Nilimwambia kilikuja kwetu kimekwishaharibika. Anatole alisema hakuona kitu, nao wakubwa wakamwacha, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuiendesha mashine ile. Nilishukuru. Alikuwa na watoto wanne.

Nyumbani nilimpa Zuhura nakala, nikamweleza sheria ya Shefu kwamba mwenye kubloka ndiye mwenye kujaza. Alipitisha kidole juu ya vile vistari vyeusi, mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa utaweka nini hapa?"

Miaka yote ile kazini nilikuwa nimepanga maneno ya watu wengine.

Vita ilikwisha, ofseti zikarudi, na kitabu kikachapwa upya na mstari wake uleule, safi kabisa. Hakuna aliyetuuliza. Nilimalizia kazi yangu kwenye kimashine kidogo cha mkono, nikichapa kadi za harusi pale Buyenzi, mpaka macho yakachoka. Watu huniambia nisamehe, uzee si wa hasira. Mimi nina hasira, na sitaki kupozwa. Walionisimamishia mtoto darasani walikula pensheni zao bila hata kuniambia pole.

Juzi Zuhura, ambaye sasa ana watoto wake shuleni, aliniletea nakala ile ya zamani pamoja na penseli. Akaniambia, "Papa, bado hujajaza." Alisema kweli. Shefu amekufa, Mungu amrehemu, lakini nisingependa nimkute huko nikiwa sijamaliza kazi. Kwa hiyo niliandika juu ya weusi ule, polepole, nikisoma kila neno. Na nyinyi mlio na kitabu hicho, popote kilipo, chukueni penseli mwandike hivyohivyo: Waswahili wa Bujumbura wamezika babu zao hapa, na wakati wa vita walifungua mlango kwanza, bila kumuuliza mtu kwao ni wapi.