Bushi Iliyopimwa Ingali Moto

Mama Kalipa hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, kwa sababu hata mkate aliutazama kabla ya kuukata kana kwamba anatafuta vipimo vyake. Kalipa ni kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Hukikamata kitu na kukwambia unene wake, hata kikizidi kwa unywele.

Karakana ilikuwa ya mumewe. Macho yake yalipofifia, mkewe akashika mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma ili kisu kikichonge, shemeji akabaki kwenye tanuri. Mwenye pampu za visima, mteja wao mkubwa, hakuficha wasiwasi wake.

"Nitengenezee bushi moja tu, mama. Ikikaa sawa, kazi zangu zote zinabaki hapa. Isipokaa, tusilaumiane."

Bushi ni pete nene ya shaba inayoshika mhimili wa pampu usicheze. Shemeji aliyeyusha shaba, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga, kisha akaibomoa kalibu mapema kuliko kawaida yake, maana mwenye pampu alishafika na kiti alichopewa hakukikalia. Mama Kalipa akakifunga kipande kwenye mashine kingali na joto. Kisu kikala shaba, chenga zikaruka, joto likazidi. Akapima upande wa nje. Sawasawa kabisa.

"Haya, lete," mwenye pampu akasema.

Mama Kalipa hakuitoa. Glavu ilikuwa inamuunguza kiganja, ndipo akakumbuka. Shaba ya moto hutanuka, ikipoa hunywea. Ndiyo maana shemeji huuchonga mfano wake wa mbao, ule anaoukandamiza mchangani kupata umbo la kalibu, uwe mkubwa kidogo. Angenyamaza, bushi ingeondoka, ikalegee huko kisimani, na lawama zingeangukia uzee wa pampu.

"Subiri kidogo," akasema, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Alipoipima tena, ilikuwa imepungua. Akaitia kwenye mwili wa pampu uliokuwa mezani. Ilipaswa kuingia kwa kugongwa na nyundo. Ikadumbukia yenyewe, ikacheza kama jino bovu.

"Nimeipima ingali moto. Kosa langu. Hii haifai."

"Sasa shemeji," mdogo wa mumewe akanong'ona, "ungeumeza ulimi ungekufa?"

"Mimi nisingekufa, ingekufa pampu. Kusanya chenga uwashe tanuri. Na leo bushi iache ipoe mpaka niishike kwa mkono mtupu."

Mwenye pampu akamgeukia mume, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. "Wewe usingenifanyia hivi."

"Kweli," mume akajibu. "Mimi ningekupa uende nayo."

Shemeji akacheka peke yake. Mwenye pampu akauvuta mwili wa pampu kama anayetaka kuubeba, akautazama, akausukuma tena pale pale mezani.

"Nakuja kesho asubuhi," akasema. "Na ukinipa ya moto, siipokei."