Mkataba Uliofika Tetu

Shangazi yangu, ambaye sisi tulimwita Tata, hakuolewa. Alibaki kwa babu huko Tetu, akakamua ng'ombe, akachuma chai, na babu aliposhindwa kuamka kitandani, ni yeye aliyemgeuza, akamlisha na kugombezwa naye kila asubuhi. Babu alipofariki, baba yangu na mdogo wake waliketi na wazee, wakanywa chai aliyoipika Tata mwenyewe, wakagawana shamba nusu kwa nusu. Yeye akaambiwa atatafutiwa chumba cha kupanga pale sokoni Giakanja.

Nilikuwa jikoni na niliyasikia yote. Nilikasirika hadi nikamwaga maziwa. Tata hakulia. Aliosha vikombe, akavifunika vizuri, ndipo akaniambia, "Mimi siendi Giakanja. Naenda koti."

Mahakama iko Nyeri mjini. Mimi nafundisha Kangari, kwa hivyo kila kesi ilipotajwa niliomba ruhusa shuleni nikaja kuketi karibu naye. Alivaa sweta yake ya kanisani, hata jua likiwaka. Baba alikaa benchi la upande wa pili na kunisalimia kama mtu aliyekuja kumkatia stima.

Baba si mtu mbaya. Ni mjuaji tu. Siku yake ya kutoa ushahidi, wakili wa Tata alimuuliza kama aliwahi kumfukuza dada yake, na baba akaudhika sana.

"Nimfukuze? Mheshimiwa, huyu ni mtoto wa nyumbani. Mzee wetu akiwa mgonjwa, ni yeye alimshika. Hajawahi kuwa na boma ingine. Hapo ndiyo kwao."

Alisema hivyo kwa kujivuna, maana kwetu hakuna jambo la heshima zaidi unaloweza kusema juu ya dada asiyeolewa: kwamba nyumba ya baba yake haikumfungia mlango. Jaji aliacha kuandika, akamtazama juu ya miwani.

"Kwa hivyo hapo ndipo kwao?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kabisa."

Watu wakaanza kutazamana. Baba peke yake ndiye hakusikia alichokisema.

Siku ya hukumu, jaji alisoma kwa Kiingereza kwa muda mrefu, kisha akaweka karatasi chini akatueleza kwa Kiswahili. Alisema nchi yetu iliridhia zamani mkataba wa mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, na Katiba inasema mkataba tuliouridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Mila inayomnyima binti kwa sababu tu ni binti haiwezi kusimama mbele ya sheria hiyo. Shamba ligawanywe sehemu tatu zilizo sawa.

Nilikuwa nimesoma habari za mikataba chuoni, nikadhani ni mambo ya watu wa suti wanaokutana ng'ambo, wanapiga picha, kisha wanakwenda kula. Kumbe nchi ilipotoa ahadi ile, mimi sijazaliwa, Tata alikuwa msichana anayebeba kuni huku Tetu, na ahadi ilimhusu yeye. Miaka yote hiyo ilikuwa yake. Aliamka nayo, akachuma chai nayo, akalala nayo, na hakuna aliyemwambia. Nilistaajabu hata nikasahau kusimama jaji alipoondoka.

Tata alininong'oneza, "Ati hao watu wa mataifa walikuwa wananijua?"

"Hapana, Tata. Walisema wanawake wote."

Akafikiri. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

Nilikuwa sijafikiria hilo.

Baadaye savea, mpimaji wa ardhi, alikuja akafukia vigingi vyake vya saruji. Lakini Tetu hakuna anayeamini saruji mpaka itoka lipandwe, lile ua ambalo wazee huliweka mpakani na hakuna anayethubutu kuling'oa. Tangu zamani mkono wa mwanamke haukulipanda. Kwa hivyo mzee aliyelileta alimpa baba, ampandie dada yake.

Baba alilishika. Alilitazama kwa muda, udongo ukimdondokea kwenye viatu, nami nikaogopa kwamba hata sasa atasema neno. Akamnyooshea Tata lile ua.

Tata alipiga magoti. Alichimba, akalipanda, akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili huku machozi yakimtoka bila sauti. Wazee walivua kofia, sijui kwa nini, hata mimi nilivua kitambaa changu. Alipoinua kichwa, baba alikuwa bado amesimama juu yake.

"Mtoto wa mama," akamwambia kwa upole, "sogea kidogo. Umekanyaga shamba yangu."

Baba akatazama chini, akasogea.