Jinsi mamluki walivyovizia ng'ombe wa harusi Itsandra kwa sababu ya simu moja

Wakuu, heshima zenu.

Jana kuna mdau humu alilia kwamba wamemzimia mtandao. Pole mkuu. Wewe umezimiwa data, sisi tulizimiwa lugha. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Miaka ya mamluki nilikuwa Komoro. Shule niliiacha Tanga darasa la sita, nikawa mtu wa kufuata meli. Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, nilipata kazi kwa mfanyabiashara mmoja, Bwana Abdu. Alikulia Unguja, akanichukua ili apate wa kuongea naye Kiswahili. Mengine nilijifunza kazini.

Kwa wasiojua: mwaka 1978 wazungu wachache wenye bunduki walishuka ufukweni, wakapindua serikali, wakabaki kumlinda rais. Sasa mtu aliyeingia kwa mashua lazima aogope mashua. Hawa waliogopa na simu.

Posta ikabandikwa amri: simu za kisiwa hadi kisiwa ni kwa Kifaransa tu. Msikilizaji wao aliyekuwa Moroni hakujua Kikomoro. Badala ya yeye kujifunza lugha ya nchi, nchi nzima ikatakiwa ijifunze yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sera ya mawasiliano.

Bwana Abdu alikuwa na shemeji Moroni, Mbae Yusufu ("mbae" kule ni kama kusema baba). Shemeji alikuwa anafanya anda, ile harusi kubwa ya kisiwa cha Ngazidja, ulipo mji wa Moroni. Mwanamume asiyefanya anda, hata awe na mvi na wajukuu, barazani ni mtoto. Hasemi mbele ya wakubwa.

Mbae Yusufu alikuwa na mvi na wajukuu. Ng'ombe wa karamu tuliotakiwa kumpelekea wasingefika Ijumaa ile, angekufa mtoto.

Tuliwakusanya Patsy, juu ya mji, kisha Bwana Abdu akaenda posta kumpa shemeji taarifa. Mimi nikasimama mlangoni pa kibanda cha simu.

Akaanza kwa lugha ya Nzwani, akakatwa. Akaunganishwa tena, akajaribu Kiswahili, akakatwa.

Ikabaki Kifaransa, na cha kwake kilikuwa cha forodhani tu: kuhesabu, kupakia, kushusha. Neno la ng'ombe hakulijua, maana forodhani mifugo ilitajwa kama madume na majike. Akafuta jasho, akapaza sauti kwa Kifaransa:

"Madume ishirini, wote wenye nguvu, wanashuka Ijumaa Itsandra. Jiandaeni."

Safari hii hakukatwa. Tena laini ilikuwa safi ajabu. Akatoka kifua mbele, akaniambia, "Umeona, kijana? Ukisema lugha yao hata nyaya zinanyooka."

Ijumaa asubuhi chombo chetu kikatia nanga mbele ya Itsandra, ufukwe wa jirani na Moroni. Ng'ombe kule walishushwa kwa kusukumwa majini, wakaogelea wenyewe hadi nchi kavu. Mimi niliwafuata kwa mtumbwi.

Nikaona kofia nyuma ya magofu. Halafu mitutu. Filimbi ikalia, askari wakalala kifudifudi mchangani, wakalenga pembe arobaini zinazokuja.

Mzungu mmoja akasimama na darubini. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Askari Mkomoro akanidaka shati nilipokanyaga mchanga. "Wale madume ishirini wako wapi?"

"Hao, wanatoka kuoga."

Alijikaza asicheke. Alishindwa.

Huyo ndiye aliyeniambia kwamba Mbae Yusufu alikuwa kambini tangu siku ya simu, akihojiwa kuhusu mapinduzi. Alikuwa amewaeleza kwamba ni ng'ombe. Wakaamua kuwa "ng'ombe" ni neno la siri.

Sasa mzungu akawa na tatizo. Mji mzima ulikuwa umekusanyika unamtazama amevizia mifugo. Akatoa amri mpya: askari walikuja kulinda harusi. Mzee akatolewa kambini, akapandishwa gari la jeshi, ng'ombe mbele, bunduki pembeni, mpaka uwanjani Moroni.

Wakubwa wa mji wakatazamana. Hakuna anda iliyowahi kupata msafara ule. Mzee mmoja aliyekuwa akimbeza miaka yote akasogea, akampisha nafasi.

Mbae Yusufu akasimama na kanzu iliyokunjamana kwa kulala nayo mahabusu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele yao.

"Nawashukuru wote niliowaalika," akasema. "Na yule aliyejialika kwa simu, naye apelekewe nyama."

Uwanja ulicheka mpaka askari nao wakainamisha nyuso.

Wiki iliyofuata posta ikabandika nyongeza: ni marufuku kutaja wanyama katika simu. Hakuna aliyefukuzwa kazi.

Wakuu, nimezurura nchi nyingi baada ya pale. Kila moja ina bwana wa mihuri anayeshika waya na kukwambia ni kwa usalama wako. Nilichojifunza ni kwamba hawa wakikosea hawalegezi kamba, wanaongeza amri juu ya amri. Kwa hiyo wakileta sheria mpya ya mtandao, msiulize tu inakataza nini. Ulizeni ni kosa gani la kwao inalifunika.

Kwenu walikata nini, na walinasa nini? Semeni, nipo nasoma.