Siku Mama Mdogo Alipozima Chumba cha Kwanza

Mama mdogo analipwa mshahara kwa kukatakata vitu vizima. Ukimwambia anaharibu, anakasirika: yeye anagawa. Kazini wamembandika jina la Fundi Kuta, na analiitikia bila aibu.

Kampuni yao inaendesha mfumo wa miadi ya zahanati. Mgonjwa anashika simu yake, anachagua siku ya kumwona daktari, kwisha. Mfumo wenyewe uko kwenye wingu. Mimi niliamini wingu ni kitu kisafi kinachoelea huko juu, mpaka mama mdogo aliponikata stimu: "Ni kompyuta za kukodi, zimepangwa kwenye ghala la mtu, zinachemka."

Zamani zahanati zote zilirundikwa kwenye mfumo mmoja mkubwa. Zilivyoongezeka, wakaongeza kompyuta, na hali ikazidi kuwa mbaya. Zahanati moja ikifurika siku ya chanjo, zote zinakwama, hata ya meno isiyohusika kabisa. Mama mdogo akasema huo mfumo ukatwe vipande. Kila kundi la zahanati lipate chumba chake, chenye kompyuta zake, kumbukumbu zake na foleni yake. Wateja wakizidi, unajenga chumba kingine. Chumba kikifa, kinakufa peke yake. Akavijenga vyumba vyenyewe.

"Nitajuaje kama kweli kinakufa peke yake?" bosi wake aliuliza.

"Nitakiua ukiwa umekaa hapo unatazama."

Bosi akakubali, kwa sharti moja. Kikitikisika chumba kingine chochote, kuta zote zinabomolewa na Fundi Kuta anarudi kitengo cha malalamiko, alikotoka. Mama mdogo alikaa huko mwaka mzima akitukanwa na watu asiowajua. Wiki ile ya kungoja jaribio hakula chakula cha maana.

Siku yenyewe shule zilikuwa zimefungwa, nikaruhusiwa kwenda naye mradi nisiguse chochote chenye waya. Ukumbi wa mikutano ulikuwa na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na ukutani runinga kubwa yenye maduara ya kijani, kila duara chumba kimoja. Bosi alikaa mbele amekunja nne. Kando yake alikuwepo mhasibu, ambaye nadhani alifuata biskuti.

"Unaua kipi?" bosi akauliza.

"Cha kwanza. Humo tumo sisi wenyewe tu, akaunti zetu na vikorokoro vyetu. Hakuna mgonjwa atakayeguswa."

Akabonyeza. Duara la kwanza likawa jekundu, vizuri kabisa. Halafu, kabla mtu hajasema hongera, runinga nzima ikawa nyeusi tii.

Ndoo ikaendelea kudondokewa.

"Fundi," bosi akasema taratibu, "umeua ukoo mzima."

Akatoa simu aingie kwenye mfumo ajionee mwenyewe. Ikamgomea. Mimi nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Kisha mama mdogo akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Hii runinga inasoma kutoka chumba cha kwanza," akasema. "Programu inayochungulia vyumba vyote niliiweka humo humo, kwa kuwa ni ya kwetu. Na akaunti yako bosi imo humo. Nimezima macho yetu. Zahanati ziko salama."

"Hayo ni maneno," mhasibu akasema huku anatafuna. "Nani kaziona?"

"Basi washa tena tuone," bosi akasema.

"Nikiwasha utasema zilikufa zikafufuka." Mama mdogo akavuta simu ya mezani, akaweka spika, akapiga zahanati ya chumba cha pili.

"Dada, samahani, sisi ni watu wa mfumo wa miadi. Unafanya kazi?"

"Mimi au mfumo?"

"Mfumo."

"Unafanya. Nina mzee hapa namwandikia siku, na anayemchelewesha ni wewe." Akakata.

Chumba cha tatu akapokea kaka mmoja mwenye sauti ya usingizi. "Leo hakuna kilichoharibika ndiyo mnapiga? Siku zikiharibika nawapigia mimi, hampokei."

Bosi akatazama dari. Mama mdogo akaendelea, chumba baada ya chumba, na kila alipofokewa alizidi kunyooka mgongo. Sijawahi kuona mtu anafurahia kusemwa vile. Wa mwisho alimuuliza kama hana kazi ya kufanya.

"Ninayo," mama mdogo akajibu, akimtazama bosi. "Sivyo?"

"Unayo," bosi akasema. "Kuta zinabaki. Lakini hiyo runinga uijengee kibanda chake, mbali na kila mtu, na mimi unitoe humo chumba cha kwanza."

Mama mdogo akashusha pumzi kama gurudumu lililotobolewa. Kisha, kwa adabu zote, akaomba ruhusa aue na cha pili, maadamu sasa anajua watu wa kuwapigia. Bosi akamwambia aende akale kwanza.