Wifi na Maneno Yanayoning'inia

Wifi yangu ni mwalimu wa darasa la tatu, na tangu nimfahamu hajawahi kumaliza neno peke yake. Yeye huanza tu. Atasema, "Maji yakipata moto sana yanache..." kisha anainua nyusi na kusubiri, na darasa zima linaitikia, "Mkaaa!" Walimu wengi hufanya hivyo, lakini huyu wa kwetu aliuleta mchezo mpaka nyumbani. "Baba watoto, chai inapo..." Na kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, jitu lenye mabega mapana kama mlango, anajibu bila kuinua macho, "A." Nilipohamia kwao na kiti changu cha kusukia nywele, nikajibanza barazani, nilidhani wawili hao hawako sawa sana kichwani. Mwezi haukuisha, nami nikawa naitikia.

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Malizia. Alilijua, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Sasa, mshahara wa mwalimu hauhitaji maelezo. Mtoto wao mkubwa alikuwa anaingia sekondari, na kazi za kaka zilikuwa za kusuasua. Njia ya kuongeza kipato ilikuwa kuondoka darasani. Ofisi ya elimu ilihitaji mtu wa kusimamia mambo ya madawati na makabati, mwalimu mkuu akampendekeza wifi, na kaka akashangilia. Wifi alilia jikoni akasingizia vitunguu, siku ambayo hatukupika chochote chenye kitunguu.

"Huko ofisini nitamfundisha nani?" aliniuliza. "Kabati?" Nami nikamwambia ofisi itampumzisha.

Ndipo ikaja habari ya cheti cha mwalimu mahiri. Ukikipata, unabaki na watoto wako na unalipwa posho ya ziada kila mwezi, inayokaribiana na ile nyongeza ya ofisini. Wifi akalivalia njuga. Alisoma, akaandika, akafanya mitihani na kufaulu yote. Ikabaki hatua moja: afundishe somo huku anarekodiwa, bila kukata wala kuunga, na mtathmini ameketi nyuma anamtazama. Masharti yalisema wazi kwamba mwanafunzi afikiri mwenyewe, na kwamba kuitikia vipande vya maneno si kufikiri.

"Wifi, hapo umekwisha," nilimwambia.

"Usinichulie, wewe! Nisaidie."

Nikamsaidia. Niliweka sheria kwamba kila akiacha neno linaning'inia, anaosha vyombo vya siku hiyo. Ilikuwa sheria nzuri sana, hasa kwa kuwa zamu ya vyombo ilikuwa yangu. Nilimtega bila huruma.

"Wifi, hivi yule mteja wangu wa jana, yule wa hospitali, anafanya kazi gani?"

"Si yule mku..."

"Vyombo!"

Mikono yangu ikawa laini mpaka wateja wakaisifia. Lakini na yeye alikuwa anabadilika. Siku moja alimwambia kaka, "Chai inapoa," neno zima, mpaka mwisho. Kaka akabaki mdomo wazi na "A" yake, hajui pa kuiweka.

Siku ya somo, aliyeshika simu ya kurekodi nilikuwa mimi, maana msusi ndiye mwenye mkono usiochoka. Wifi alikuwa amewaonya watoto tangu jana yake: akijisahau akaacha neno, wafyate mdomo. Mtathmini, mama wa makamo mwenye miwani na suti ya kijivu, alijikunja kwenye dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu. Hakucheka na mtu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Maneno yote yalifika mwisho salama, nami nikaanza kujivunia kazi yangu. Kisha wifi akachukua duara la kadibodi, akalikata kwa mkasi huku jasho jembamba likimtoka, akainua kipande kimoja.

"Nimekata duara vipande viwili. Kwa hiyo hiki ni nu..."

Watoto walifyata kama walivyoambiwa. Mmoja alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mashavu yamemvimba. Wifi macho yalimtoka, kwa sababu alijua alichokifanya, na simu ilikuwa inarekodi. Nikaiona ofisi ile na makabati yake inakuja kumchukua.

"Suuu!"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa mtathmini. Kalamu mkononi, miwani imeshuka puani, midomo bado imechongoka. Kumbe naye alifundishwa na mtu.

Darasa likavunjika mbavu. "Mwalimu, hakunyoosha mkono!" akashtaki mmoja. Hapo mkono wa msusi ulitetemeka, na video hiyo mpaka leo ina mahali ambapo ukuta unacheza.

Kicheko kilipotulia, msichana mmoja wa dirishani, ambaye wifi alikuwa akiniambia hajawahi kumsikia sauti, akasema polepole, "Lakini si nusu. Hicho kikubwa, kile kidogo. Mgeni amekosea."

Tukatazama. Kweli, mkasi ulikuwa umekwenda upande. Wifi angeweza kusema "tuchukulie ni nusu" akaendelea na somo lake alilolipanga kwa wiki nzima. Badala yake alimpa mtoto mkasi na duara jingine, akaenda kukaa kwenye kiti kidogo cha mtoto huyo.

"Tuonyeshe nusu. Utajuaje kuwa ni nusu kweli?"

Akanyamaza, na alinyamaza kweli. Msichana akalikunja duara kwanza, akalinganisha kingo, ndipo akakata. Wenzake wakabishana naye, wakapima, wakakubali. Wifi alikuwa anatabasamu kwenye kile kiti cha mtoto, na mimi niliona aibu kwamba niliwahi kumwambia ofisi itampumzisha.

Majibu yalichelewa. Ofisi ya elimu ikataka kujua Jumatatu kama anakuja au haji. Jumamosi nilikuwa namsuka barazani, nimefika nusu ya kichwa, nusu ya kweli, simu ikaita. Mwalimu mkuu. Wifi akaweka sauti ya nje, na kaka akazima mashine yake ya kuchomelea.

"Mwalimu, majibu yametoka," ilisema simu. "Ombi lako la posho lime..."

Kimya. Wifi akatazama kioo cha simu, akadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Tulimsikia mwalimu mkuu akipumua, anasubiri, kama mwalimu yeyote. Nami nilikuwa na maneno mawili mdomoni, kukubaliwa na kukataliwa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kumalizia.

"Mkuu!" wifi alipiga kelele. "Malizia mwenyewe! Mimi nimeacha!"

"Limekubaliwa, mwalimu."

Alilia waziwazi, bila vitunguu. Kaka alimwinua juu na nywele zake za upande mmoja, akamzungusha mpaka kiti changu kikaanguka. Alipomshusha, wifi akajifuta uso na kunigeukia.

"Wifi, ofisini siendi. Jumatatu naingia darasa la ta..."

"Tu!" nikaitikia kabla sijajizuia.

Akacheka, akakusanya vyombo vya mchana na kwenda kuviosha, bila kuambiwa na mtu.