Ramani Iliyoishia Migombani

Pale Rubwera, karibu na ofisi za wilaya, nina chumba chenye kompyuta, mashine ya kuchapa na benchi moja la wateja. Watu wanakiita steshenari, ingawa karatasi ndiyo kitu ninachouza kidogo kuliko vyote. Wanaoingia wanataka mtandao: kusajili jina la biashara, kupata namba ya mlipakodi, kuangalia utabiri wa mvua kabla ya kuanika kahawa, kujua mbegu zipi zimeidhinishwa. Wanafunzi wa vyuo wakija na tafiti zao nawaonyesha maktaba za mtandaoni zenye makala za bure, maana wengi hudhani kila makala ya kitaalamu hulipiwa. Zamani nilikuwa nakusanya habari kwa ajili ya redio moja ya Karagwe, na tabia ile haijaniacha. Mtu akinieleza jambo, natamani kwenda kuliona lilipo.

Katika hayo yote, ninachowasisitizia wafanyabiashara wadogo ni ramani ya kwenye simu. Unaandika jina la biashara, namba yako, saa za kazi, unaweka picha, unaweka alama mahali ulipo, na mtu wa Bukoba au wa ng'ambo ya mpaka anakufikia bila kuuliza njia. Mwanamume mmoja wa Mabira alinielewa haraka kuliko wengine. Alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa na migomba bondeni, kando ya kijito. Alirudi kwake akaisajili biashara mwenyewe, kwa jina lake, kwa simu yake. Tangu hapo, kila akija Rubwera alipita kunionyesha maswali ambayo watu walimwandikia kwenye ramani na majibu aliyowapa. Alimjibu kila mtu kwa sentensi kamili, kama anayemwandikia ndugu aliye mbali.

Kisha akaugua, akafariki. Nilikuwa safarini, sikuwahi mazishi.

Mvua za kupandia zilipokaribia, mke wake aliingia ofisini kwangu asubuhi. Alikaa kwenye benchi mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka.

"Dada, nisaidie," akasema. "Wateja wangu wanapelekwa kaburini."

Nilimuuliza nani anawapeleka.

"Simu zao."

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulia. Wanaotoka mbali hawafiki kitaluni. Wanafuata ramani, wanapanda kilima, wanapita katikati ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, wanatokea penye kaburi la mume wake. Wengi wanageuza palepale. Mnunuzi mmoja wa Kamuli alikuja na gari la kubebea miche. Alipojikuta mbele ya msalaba wenye jina lilelile aliloliona kwenye simu, alirudi barabarani akaondoka na gari tupu. Mtafiti wa chuo aliyetaka kuuliza habari za mnyauko wa migomba naye hakurudi tena. Majirani walikuwa wameanza kusema kwamba kitalu ni cha marehemu, na kwamba bado anauza mwenyewe.

"Na miche ikoje?" nikamuuliza.

"Mizizi imeshatoboa viriba vya plastiki, inaingia ardhini. Mvua hizi zikipita haijauzwa, ni ya kutupa. Na mimi sina kitalu kingine."

Nilifungua ramani mbele yake. Biashara ilikuwepo kama alivyoiacha. Picha yake akiwa ameshika mche kwa mikono miwili. Saa za kazi. Chini ya jina, kwa maandishi ya kijani: imefunguliwa sasa. Mwanamke yule aliitazama kijani ile, halafu akatazama dirishani.

Nilituma maombi ya kuisogeza alama ile kutoka kilimani hadi bondeni. Majibu yalikuja baada ya siku kadhaa: tunasubiri mwenye biashara athibitishe. Ningewezaje kuwaambia kwamba amefariki? Nilijaribu kuingia kwa jina lake; mfumo ukasema utatuma namba za siri kwenye simu yake, na laini ile kampuni ilikuwa imeshaifunga kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Nywila hakumwachia mtu. Kila nilipofungua ukurasa ule nikitafuta mlango mwingine, ulinijibu kwamba anasubiriwa yeye.

Nikapanda bodaboda kwenda Mabira, nikiifuata ramani kama mgeni yeyote. Dereva alichungulia simu yangu.

"Kumbe unaenda kwa yule wa kwenye ramani," akasema. "Mimi mwisho wangu hapo kanisani. Huko juu mtasalimiana wenyewe."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Sina shida ya miche."

Nilipanda kwa miguu. Ndani ya kibanja palikuwa na ubaridi na harufu ya majani ya migomba yanayooza. Njia ilizidi kuwa nyembamba, mpaka nikatokea kwenye uwazi mdogo, na simu ikaniambia nimefika. Mbele yangu palikuwa na kaburi lililosakafiwa, na kando yake mama mzee amekaa kwenye kigoda, kikapu kidogo magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na wewe amekuleta?"

Alinyoosha kikapu, nikachukua kahawa ya kutafuna kama inavyompasa mgeni, nikaitafuna nimesimama. Alikuwa mama mzazi wa marehemu. Alikuwa na Kiswahili kidogo, na kilipomwishia alihamia Kinyambo bila kujali kama namfuata.

"Wanakuja," akaniambia. "Wa magari, wa pikipiki. Watu ambao simjui hata mmoja. Mwana wa nani mwingine, akishazikwa, anatembelewa hivi?"

Mkwe wake alitusikia akapanda kutoka bondeni, mikono ina udongo wa viriba. Yeye ndiye aliyenieleza ilivyokuwa. Kitaluni hakuna mtandao. Mume wake alikuwa akipanda hadi kwenye uwazi ule kila alipotaka kupiga simu, na ndipo aliposimama siku ya kusajili biashara. Simu ikaandika aliposimama. Alipofariki, ukoo ulitafuta mahali pa kumlaza kibanjani, na kila mtu akaona afadhali pale, alipopazoea.

Niliwaambia wote wawili njia iliyobaki, isiyohitaji mwenyewe athibitishe. Tunaweza kutangaza kwamba biashara ile imefungwa kabisa, halafu tukafungua nyingine kwa jina la mke, bondeni. Lakini picha zake, maswali aliyoulizwa na majibu yake, vyote vitaondoka na ile ya zamani.

"Fanya hivyo," akasema mke.

"Mkimfunga, atabaki na nani hapa?" akauliza mama.

"Mama, hawaji kwake. Wanakuja kununua miche."

"Alipokuwa hai walikuwa wanakuja kununua nini? Si miche hiyohiyo?"

"Alipokuwa hai alikuwa anawauzia."

"Na wewe unataka aonekane hayupo."

"Hayupo, mama." Alisema kwa sauti ndogo, akiwa ameligeuzia kaburi mgongo. "Mimi ndiye ninayelala peke yangu. Kwani nimesahau?"

Mama mzee alihamisha kikapu kutoka goti moja hadi lingine. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikasema kwamba kabla hatujafunga ningeweza kumsomea aliyoyaandika mwanawe. Hakuwa amewahi kuyasikia. Hasomi, na hakuna aliyefikiria kumsomea. Akakubali kwa kichwa.

Nikasoma, na mkwe akawa anamtafsiria kwa Kinyambo, sentensi kwa sentensi. Mtu aliuliza kama migomba yake inastahimili ukame. Alimweleza namna ya kutandaza majani shinani. Mwingine aliuliza kama anauza mche mmoja tu. Akajibu kwamba hata shamba la kiongozi wa ukoo huanzia mche mmoja. Mama alicheka, akasema huyo ndiye, huyo alikuwa hivyo tangu utotoni. Mkwe alikuwa akitafsiri huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono, udongo ukimbaki shavuni.

Kisha nikafika kwa aliyeuliza kama njia inapitika wakati wa mvua. Nikasoma jibu: "Inapitika. Ukifika kanisani nipigie, nitashuka nije nikuchukue."

Mkwe alitafsiri. Mama alimtaka arudie.

"Anasema atashuka awachukue?"

"Ndiyo, mama."

"Na hilo wanalisoma mpaka leo?"

"Kila anayefungua analisoma," nikasema.

Mama aliweka kikapu chini. Upepo ulipita juu ya migomba na majani yakagusana.

"Basi funga," akasema. "Mgeni haambiwi utakuja kumpokea halafu humpokei. Anawaaibisha watu wa hapa, na hawezi kujua."

Nikabonyeza. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Nilimtazama mke wa marehemu, ambaye ndiye aliyelitaka jambo hili tangu mwanzo, na yeye akaniomba nisubiri kidogo. Aliishika simu, akaitazama ile picha ya mikono miwili na mche. Halafu akabonyeza mwenyewe.

Maandishi ya kijani yakageuka mekundu, na baada ya muda hata ukurasa nikawa siupati tena. Ile mpya tuliiweka bondeni, kwa namba ya mke. Yule wa Kamuli alirudi na gari lake, wakaja na wengine, na mvua ilipotulia mke alinipigia kuniambia miche iliyobaki haijazi hata toroli.

Nilimpongeza.

"Ila mama sasa hashindi tena kibanjani," akasema. "Kigoda chake amekihamishia kanisani, njia panda. Anawapokea wateja wote. Anawapa kahawa, anawaonyesha njia ya kushuka kitaluni."

"Si vizuri?"

"Ni vizuri. Lakini anawaambia, 'Chukueni miche kwanza. Mwenyewe yuko juu, mtapanda kumsalimia.' Sijui nimwambie nini, dada."

"Na wanapanda?"

"Wengine wanapanda," akasema.